Antena za Ijumaa

Mzee Naushad alipofariki, Februari ya mwaka juzi, mwanawe Shamez aliniomba niseme maneno machache mbele ya watu waliokuja nyumbani kutoa pole. Alinichagua mimi kwa sababu nilizungumza Kiswahili na baba yake kila wiki kwa karibu miaka ishirini. Yeye Kiswahili anakisikia tu. Akijibu, anajibu kwa Kiingereza. Nikasimama sebuleni kwao Unionville, nje ya Toronto, soksi miguuni, nikasema mzee alikuwa fundi redio hodari, mcheshi, mkaidi, mpenda chai ya tangawizi. Watu wakaitikia kwa vichwa, wengine wakacheka mahali pa kucheka. Yote niliyoyasema yalikuwa kweli. Moja sikulisema, na nimeishi nalo tangu mwaka 2006, kwa hiyo naliandika hapa.

Jina langu ni Thobias. Nilifika Toronto mwaka 2004 kusoma ufundi wa magari, nikitokea Kiomboi, nikiwa na koti ambalo muuzaji wa Kariakoo aliniapia kuwa ni la baridi kali ya Ulaya. Mwongo mkubwa yule. Jumamosi moja ya Novemba niliingia kwenye duka la mitumba, si kununua kitu, ni kuota joto tu, nikamkuta mzee wa Kihindi, kofia ya sufu imemfunika hadi kwenye nyusi, ameshika redio ya zamani iliyofunguliwa mgongo. Alikuwa akiisemesha. "Wameiua," alisema kwa Kiswahili safi cha bara. "Wameiua kabisa, washenzi hawa."

Nilidhani baridi imeanza kunichanganya akili. Nikasogea. "Shikamoo, mzee."

Hakushtuka hata kidogo. "Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Singida, mzee. Kiomboi."

"Kiomboi!" Akaiweka redio chini. "Watu wa Kiomboi walikuwa wakiniletea redio zimejaa mende. Nafungua, wanatoka mende ukoo mzima. Nawauliza, hii redio mlikuwa mnaisikiliza au mnafugia?"

Ndivyo tulivyojuana. Alikuwa na duka la kutengeneza redio mjini Singida, jirani na soko, mpaka mwaka 1975 alipoondoka na mkewe Roshanara na masanduku matatu. Huku Kanada hakuna aliyemhitaji fundi redio. Redio ikiharibika wanatupa. Kwa hiyo alikaa miaka ishirini na sita ndani ya kibanda cha maegesho ya magari katikati ya jiji, akipokea tiketi na kurudisha chenji kupitia dirishani. Chini ya kiti chake hazikukosekana bisibisi na redio moja iliyofunguliwa. Wenye magari walimjua. Wengine walimwachia redio zao asubuhi wakazichukua jioni zinaimba. Hakuwatoza. Nilipomfahamu mimi alikuwa amestaafu, anazunguka nyumbani akitafuta cha kufungua.

Ni yeye aliyenitafutia kazi. Kazim, binamu wa mkewe, alikuwa na yadi ya kuuza magari huko Markham, na Mzee Naushad alimpigia simu mbele yangu akamwambia, "Nakuletea kijana wetu wa Singida," utadhani Singida ni chuo kikuu. Nikaanza kuosha magari na kuyaandaa kabla wateja hawajakabidhiwa. Kazi ile ndiyo iliyonilipia karo. Na kila Jumapili nilikula kwao. Mama Shamez, ndivyo nilivyomwita na ndivyo ninavyomwita hadi leo, alipika wali na kuku wa nazi, na baada ya chakula alichukua simu na kadi ya kupigia nje, akazungumza na dada yake.

Dada huyo, Daulat, ndiye aliyebaki Singida. Mumewe alikuwa na kinu cha kukamulia alizeti, akakataa kukiacha, kisha akafa akamwachia mke hicho kinu. Ndugu hao wawili walikuwa hawajaonana tangu walipoagana stendi ya basi mwaka ule wa 1975. Kwanza hela haikuwepo, halafu watoto, halafu kazi, mambo ya kawaida yanayokula miaka ya watu. Sasa Bi Daulat alikuwa na kisukari kilichoshika macho. Mama Shamez alitueleza alichoambiwa kwenye simu, huku akijifuta mikono kwa taulo la jikoni ingawa ilikuwa mikavu.

"Anasema jicho la kushoto limekwisha. La kulia anaona watu kama wako nyuma ya pazia. Anasema, njoo upesi, Roshan, nikuone uso. Sauti nimeshaizoea, nataka uso."

Basi safari ikapangwa iwe Desemba 2006. Mama Shamez alikuwa na akiba yake mwenyewe, dola elfu tisa, za sambusa na chevda, vile vitafunio vya dengu na pilipili, alizowauzia watu wa jamii yao kwa miaka na miaka. Tiketi mbili, miezi minne ya kukaa, na zawadi. Zilitosha. Narudia kwamba zilitosha, kwa sababu hapo ndipo tulipoharibu, mzee wangu na mimi.

Miaka ile kulikuwa na kampuni mbili zikigombea redio ya setilaiti. Sisi tuliziita ya Bluu na ya Nyekundu, kwa rangi ya maboksi yao, na majina hayo yanatosha. Unabandika antena ndogo juu ya paa la gari, saizi ya kipande cha sabuni, unalipa kila mwezi, unapata vituo zaidi ya mia, na sauti haikatiki kutoka Toronto hadi Vancouver. Mzee Naushad alikuwa ametumia ujana wake wote kuzungusha kitufe akitafuta idhaa ya Dar es Salaam katikati ya mikwaruzo. Aliposikia kituo cha setilaiti kwa mara ya kwanza, kwenye gari la jirani, alinyamaza mpaka jirani akadhani anaumwa. Wiki ileile akasoma gazetini kwamba hisa za kampuni zote mbili zinauzwa sokoni, na kwamba mtu yeyote anaweza kununua.

Akaanza kuzilinganisha. Alichukua kalenda ya zamani ya wakala wa bima, akageuza karatasi upande wa nyuma, akapiga mstari katikati: Bluu kushoto, Nyekundu kulia. Wateja wangapi. Madeni kiasi gani. Setilaiti ngapi ziko angani na zina umri gani. Watangazaji gani mashuhuri wamenunuliwa kwa mamilioni. Viwanda gani vya magari vimekubali kufunga redio ya nani. Kampuni zote mbili zilikuwa zikipata hasara kila mwaka, na hilo halikumtisha. "Duka jipya ni hivyo," alisema. "Hata mimi, mwaka wa kwanza pale Singida, nilishindia mihogo."

Kalenda ile nimeitazama mara nyingi, na naweza kuapa kuwa ilikuwa kazi nzuri. Nyekundu ilikuwa na wateja wachache kidogo, lakini deni lake lilikuwa dogo, ilikuwa na mikataba mingi zaidi na viwanda vya magari, na ilikuwa na haki ya kutangaza hoki ya barafuni. Hoki mzee aliikata kwa kalamu. "Nani atasikiliza hoki redioni? Hata ukiitazama kwa macho, kile kidude wanachogombania hukioni." Nilicheka sana. Kule yadini mafundi wote Wakanada walisikiliza hoki redioni msimu mzima, spana mkononi. Hilo nalo sikumwambia, ila hilo lilikuwa dogo.

Alinunua hata redio zenyewe, moja ya kila kampuni, akazifungua kwenye meza ya jikoni juu ya gazeti. Akazipekua, miwani puani, kimya kwa saa nzima. "Ya Nyekundu imetengenezwa na mtu anayejiheshimu," alisema mwishowe. "Tazama walivyochomelea hapa. Hii ya Bluu imefanywa harakaharaka." Nikajua basi, ameamua. Angeishia hapo mambo yangekuwa mengine kabisa. Lakini alikuwa amekaa kibandani muda mrefu mno, hakuwa tena na imani na mikono yake. Alitaka kwanza kujua watu wanasemaje, na kwa Mzee Naushad watu ni watu wa jamii yake.

"Sikiliza, Thobi," aliniambia. "Watu wetu walikuja na masanduku matatu matatu. Wanajua bei ya kila kitu. Hawatoi senti kwa kitu kisicho na maana. Redio watakayoilipia wao, hiyo ndiyo yenyewe. Sasa tutahesabu."

Ijumaa iliyofuata, jioni ya Juni, jua bado likiwaka, alinipeleka kwenye maegesho ya jamatkhana, nyumba yao ya ibada. Mimi ni Mlutheri, ndani siingii. Kazi yangu ilikuwa nje: wao wakiwa wanasali, mimi nipite kati ya magari nihesabu antena zilizo juu ya mapaa. Kuzitofautisha ilikuwa rahisi. Ya Bluu ilikuwa ya mraba, ya Nyekundu ilikuwa na umbo la yai. Nikaanza mstari wa kwanza, kipande cha karatasi mkononi, najiona mtafiti.

Gari la tatu tu nikasimama. Nililifahamu. Lilikuwa la Bi Narjis, mwalimu mstaafu. Mimi ndiye niliyeliosha mwezi wa Januari, na ile antena ya mraba mimi ndiye niliyeibandika, nikiikandamiza kwa kiganja na kuhesabu hadi thelathini ili gundi ishike. Gari la nne lilikuwa na kibandiko cha yadi yetu nyuma. La saba pia. Nikanyanyua macho nikayatazama maegesho yote, na nikaona kuwa nimezungukwa na kazi ya mikono yangu mwenyewe. Watu wale walinunua magari kwa Kazim kwa sababu Kazim ni mtu wao, na Kazim alikuwa na makubaliano na kampuni ya Bluu: kila gari linalotoka linafungwa antena, na mteja anapewa miezi mitatu ya bure. Hakuna aliyekataa cha bure.

Na nilijua zaidi ya hapo. Miezi mitatu ikiisha, kampuni ilituma barua ya kutaka malipo, na watu wale wale wasiotoa senti bila sababu waliitupa barua. Walipoleta magari kubadilisha oili, nilikuwa nikiwasha redio ili nifanye kazi na muziki. Ile ya setilaiti ilikuwa imekufa, inaonyesha maandishi tu ya kumtaka mwenye gari apige simu namba fulani. Antena ilibaki juu, kwa sababu kuibandua ni kuharibu rangi ya gari. Mzee alitaka kujua watu wake wanalipia nini, na mimi nilikuwa namhesabia antena ambazo hakuna aliyezilipia.

Nilizihesabu zote. Bluu sitini na tatu, Nyekundu kumi na moja.

Ibada ilipokwisha mzee alitoka mbio, kamba za viatu hazijafungwa. "Ngapi?"

"Sitini na tatu kwa kumi na moja, mzee."

"Zilizozidi?"

"Bluu."

Akapiga paa la gari lake kwa kiganja, akacheka hadi watu wakageuka. Mzee mwenzake, Kamil, akasogea kuuliza kuna nini. "Huyu kijana," Mzee Naushad akasema, ameniwekea mkono begani, "huyu kijana wa Singida amenifanyia utafiti ambao hata benki hawana!" Sikuwahi kumwona na furaha kiasi kile, si kabla wala baada.

Nilikuwa na maneno tayari mdomoni: mzee, magari haya yote yametoka kwa Kazim. Pumzi moja tu ingetosha. Lakini kwetu tumelelewa kwamba mkubwa hasahihishwi mbele ya wenzake, nikajiambia nitamweleza ndani ya gari. Ndani ya gari alikuwa anaimba. Nikajiambia Jumapili. Na kuna jingine, nisijifanye mwema: Kazim alikuwa bosi wangu, na alikuwa akipata chochote kutoka kampuni kwa kila antena. Niliogopa nisije nikaonekana natoa siri za yadi kwa jamaa zake, nikakosa kazi na karo. Heshima ilikuwa ya kweli na woga ulikuwa wa kweli, na mpaka leo sijui ni kipi kilichonifunga mdomo zaidi.

Jumapili ikafika. Mzee akaitandaza kalenda mezani kati ya wali na kachumbari. "Roshan," akamwambia mkewe, "zile hela tukiziweka kwenye Bluu, mwakani zimekuwa mara mbili. Hapo hatuendi kumtembelea Daulat tu. Tunamchukua, tunampeleka Nairobi kwa daktari wa macho, anapasuliwa. Ataona."

Mama Shamez aliitazama kalenda kwa muda. Halafu akanyanyua macho, na hakumtazama mumewe, alinitazama mimi. Nikainamia sahani yangu nikaendelea kula.

"Kama ni kwa ajili ya macho ya Dada," alisema, "haya."

Hisa zilinunuliwa Julai. Mwezi wa kwanza zilipanda kwa dola moja na mzee akaleta jalebi boksi zima. Kuanzia Oktoba zikashuka. Magazeti yaliandika kwamba wateja wa miezi ya bure hawaendelei kulipa. Kumbe nchi nzima ilikuwa kama maegesho yale ya Ijumaa. Mzee akasoma, akakunja gazeti, akasema waandishi wa habari hawana subira. Desemba ikapita. Safari ikasogezwa mwaka mmoja. "Ukiuza sasa umeikubali hasara," alimwambia mkewe. Mwaka wa pili bei ikafika nusu, halafu nusu ya nusu, na safari ikasogezwa tena.

Shamez ni mfamasia, mshahara wake mzuri. Angeweza kuwakatia wazazi wake tiketi mchana mmoja akiwa anakula chakula chake. Hakuambiwa. Mzee aliona aibu, na Mama Shamez hakutaka mumewe aaibike mbele ya mtoto, hivyo akamwambia Shamez kuwa baba yake anasumbuliwa na mgongo, hawezi kukaa kwenye ndege. Mimi nilikuwepo aliposema hivyo. Nilikuwa na namba ya simu ya Shamez kwenye simu yangu. Hilo nalo ni kosa langu.

Jumapili moja mwanzoni mwa 2008, Mama Shamez alikuwa anakanda unga wakati dada yake alipopiga, jambo ambalo Bi Daulat hakuwa na kawaida ya kulifanya. Mikono ilikuwa na unga, nikamsaidia kubonyeza simu isikike kwa sauti ya juu. Sauti ya Bi Daulat ikajaa jikoni, kubwa na changamfu, sauti ya mwanamke aliyezoea kupiga kelele juu ya mngurumo wa kinu.

"Roshan, usihangaike tena na tiketi. La kulia nalo limefunga juzi."

Mama Shamez aliacha kukanda.

"Upo?"

"Nipo, Dada."

"Sasa nieleze wewe. Umevaa nini leo?"

Mama Shamez akajitazama kama mtu aliyevalishwa na mtu mwingine. "Gauni la kijani, Dada. Lina maua madogo."

"Na nywele?"

"Nyeupe zote."

"Zote! Loo, masikini. Mimi nakukumbuka za kwako nyeusi, mpaka kiunoni." Akacheka. "Basi nitabaki na zangu nyeusi."

Mzee Naushad alikuwa amesimama mlangoni. Alirudi nyuma taratibu, akatoka nje, akaenda kukaa ndani ya gari bila kuliwasha, na theluji ikaanguka juu ya kioo mpaka hakuonekana. Nilimfuata baada ya nusu saa. Nilidhani nitamkuta analia. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, ananitazama kama ananisubiri nimwambie njia.

"Mikono yangu iliniambia Nyekundu, Thobi," alisema. "Kwa nini sikuisikiliza?"

"Twende ndani, mzee, utaugua," nikamjibu.

Mwaka uleule Nyekundu iliimeza Bluu. Zikawa kampuni moja, na mstari ule wa katikati ya kalenda ukawa hauna kazi tena. Wenye hisa za Bluu walipewa moja ya Nyekundu kwa kila kumi walizokuwa nazo. Mzee akauza zote. Kilichopatikana hakikutosha hata tiketi moja ya kwenda Dar. Februari iliyofuata Bi Daulat alifariki, huko huko Singida, na akazikwa kabla habari haijafika Toronto.

Hapo ndipo Shamez alipojua yote. Alikuja nyumbani na tiketi mbili zilizochapishwa, macho mekundu, akauliza kwa Kiingereza kwa nini hawakumwambia, kwa nini, lilikuwa jambo dogo. Akataka mama yake aende walau akaone kaburi. Mama Shamez alimjibu kwa Kiswahili, taratibu, ili aelewe kila neno. "Niende kumwona nani?" Hakwenda. Hajaenda mpaka leo.

Mzee Naushad hakumlaumu mtu yeyote, na hilo ndilo lililonitesa. Laiti angenigombeza mara moja ningepata nafasi ya kujitetea, na katika kujitetea ningesema. Antena ya Bluu aliyokuwa ameibandika kwenye gari lake aliibandua kwa kisu cha jikoni, ikaacha alama ya mraba isiyotoka. Bisibisi zake akazifungia kwenye kopo. Mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, tukinywa chai, aliniuliza ghafla, bila kutaja anazungumzia nini, na sikuhitaji kutajiwa. "Thobi, hesabu yetu ilikosea wapi? Sitini na tatu kwa kumi na moja. Watu wetu hawakuwahi kukosea kwenye mambo ya hela."

Miaka kumi na sita nilikuwa nimeisubiri nafasi ile, na ilikuja yenyewe ikakaa mbele yangu na kikombe cha chai. Nikamtazama alivyokonda. "Hesabu ilikuwa sawa, mzee," nikasema. "Ni soko tu, halitabiriki." Akaitikia kwa kichwa, akanishukuru. Alinishukuru.

Sasa nina gereji yangu mwenyewe, karibu na Lawrence Heights. Mwezi uliopita liliingia gari la zamani, limepitia mikono ya watu wanne watano, na juu ya paa, imechujuka na jua, kuna antena ya mraba. Mwenye gari, binti mdogo wa chuo, akaniuliza kile kidude ni cha nini, hajawahi kujua. Nikakiwekea kiganja. Sijui kama ni gari lililopita kwangu, lakini nilijikuta nimeanza kuhesabu hadi thelathini. Kesho yake nikafunga gereji mapema nikaenda Unionville.

Mama Shamez ana miaka sabini na minane. Alinifungulia mlango mwenyewe, akanikaripia kwa kukonda, akaweka chai ya tangawizi na sahani ya sambusa. Nikamwambia nimekuja na jambo. Nikamweleza yote bila kupunguza: yadi ya Kazim, miezi ya bure, redio zilizokufa, kiganja changu juu ya kila paa, woga wangu, na uongo niliomwambia mumewe tukinywa chai kama ile ile. Alisikiliza huku akizungusha kikombe chake.

"Hayo ya magari?" alisema. "Nilijua."

Nikadhani hajanielewa.

"Nilikuwa napanda magari hayo, Thobias. Narjis alikuwa akinichukua kila Jumanne kwenda sokoni. Redio yake imekufa, anaweka CD zake. Ya shoga yangu Rukhsana hivyo hivyo. Nilijua siku ileile mlipoleta kalenda mezani."

"Mama, kwa nini hukumwambia?"

Alikiweka kikombe chini. "Mume wangu alikaa kibandani miaka ishirini na sita. Siku ile ilikuwa mara ya kwanza tangu Singida namwona anaringa. Sikutaka niwe mimi wa kumwangusha. Ndiyo maana nikakutazama wewe. Unakumbuka kama nilikutazama?"

"Nakumbuka."

"Nikasema moyoni, Thobias ndiye anayeyaosha haya magari. Anayajua ndani na nje. Kama kuna kasoro, yeye ataisema." Hakuwa na hasira, ingekuwa nafuu angekuwa nayo. "Ukainama, ukaendelea kula. Basi nikajiambia, labda ni mimi nisiyejua. Nikampa hela."

Akanisogezea sahani ya sambusa, kama alivyokuwa akifanya kila Jumapili. "Kula, mwanangu, zinapoa," alisema, na mimi nikashindwa kuinua mkono.